Vila au fleti Krete: picha zitazame mwisho

Picha za vila za Krete zote ni zilezile: bwawa la buluu, viti vya kujilaza, bogenvilia ukutani na kipande cha bahari kwa mbali. Tazama mia moja na bado hutajua ipi iko karibu na Chania, upande wa magharibi, na ipi iko Sitia, mashariki kabisa, ingawa kutoka mji mmoja hadi mwingine ni zaidi ya kilomita 250 na safari ya gari ya saa nne na ushei. Kwa hiyo kazi ya kuchagua inaanzia kwenye ramani, inapitia maswali machache ya mabomba na umeme, halafu mwishoni kabisa ndipo unaporuhusiwa kuzipenda picha.

Tuanze na ukubwa, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Krete ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki. Urefu wake ni kilomita 260 hivi, upana kati ya 12 na 60, na eneo lake lingeweza kubeba Unguja karibu mara tano. Katikati kuna milima inayopita mita 2,400. Hakuna reli. Barabara kuu ni moja, BOAK, inayoambaa pwani ya kaskazini. Ukitaka kwenda kusini unaiacha na kuanza kupanda milima kwa kona baada ya kona. Kutoka Heraklion hadi Chania ni kilomita 140 hivi, hesabu saa mbili hadi mbili na nusu. Kutoka Chania hadi Elafonissi, ule ufuo wa mchanga wenye wekundu wa waridi, ni kilomita 75 tu, lakini ni saa moja na nusu. Mtu akikwambia anakodi vila katikati ya kisiwa ili afike kila mahali kwa urahisi, mwambie atakuwa mbali na kila mahali.

Viwanja vya ndege vya kutegemea ni viwili, Heraklion na Chania. Cha Sitia kipo, ila ndege zake ni chache. Kutoka Athens ni kama dakika 50 angani, au unapanda meli ya usiku kwenye bandari ya Piraeus jioni na kushuka Krete asubuhi. Kanuni inayofaa wageni wengi: kama mnakaa wiki moja, nyumba isiwe zaidi ya saa moja kutoka mnaposhukia. Mkikaa siku kumi na zaidi, gawanyeni: siku tano magharibi, tano kusini au mashariki. Kuhama nyumba mara moja kunachosha kidogo kuliko kukaa ndani ya gari saa tano kila siku.

Upande wa Chania ndiko kwenye fuo zinazosifiwa zaidi, Balos, Falassarna na hiyo Elafonissi, pamoja na korongo la Samaria, kilomita 16 za kushuka kwa miguu, ambalo kwa kawaida hufunguliwa Mei hadi Oktoba. Vila zenye bwawa lake zimejaa wilaya ya Apokoronas, mashariki ya mji: Vamos, Gavalochori, Kokkino Chorio, Almyrida, Kalyves. Kuna utulivu na mizeituni kila upande, lakini bila gari umekwama. Platanias na Agia Marina ni kinyume chake: fleti zimebanana, basi linapita mlangoni, ufukweni unafika kwa ndala, na muziki unaendelea hadi usiku mkubwa. Rethymno uko kati ya Chania na Heraklion, una mji wa kale na ufuo mrefu wa mchanga unaoanzia mjini kabisa. Heraklion ni mji wa kazi wenye msongamano. Watu huulalia usiku mmoja kwa ajili ya magofu ya kasri la kale la Knossos na makumbusho ya mji, kisha wanaondoka. Mashariki yake kuna Hersonissos na Malia, makao ya vijana wanaokesha. Fleti ya bei ya kutupa Malia mwezi Agosti ina sababu ya kuwa ya bei ya kutupa. Ukiendelea mashariki unafika Agios Nikolaos na Elounda, ambako hoteli na vila za bei kali zinatazama kisiwa cha Spinalonga.

Kwa familia inayokwenda mara ya kwanza, Apokoronas au Rethymno. Kwa wawili wasiotaka kuendesha gari, fleti Chania mjini au Rethymno mjini, na mabasi ya KTEL yafanye kazi yaliyobaki. Kusini, yaani Paleochora, Plakias au Makrigialos, pawe ni kwa safari ya pili. Loutro na Agia Roumeli hazina hata barabara ya gari. Unafika kwa boti au kwa miguu, na sanduku lako unalibeba mwenyewe.

Halafu kuna upepo. Watu wa Pwani wanajua kaskazi. Krete nayo ina upepo wake wa kutoka kaskazini, meltemi, ila huja Julai na Agosti na unaweza kuvuma siku tatu au nne mfululizo. Pwani ya kaskazini bahari inachafuka, bendera nyekundu inapanda, na watoto wanabaki bwawani. Ghuba zilizojificha husaidia: Almyrida, Marathi, na kile kidimbwi cha mviringo cha Stavros kwenye rasi ya Akrotiri, karibu na Chania. Usidhani kusini ndiko salama. Upepo unavuka milima, unaingia kwenye makorongo na kutokea upande wa pili kwa kasi. Plakias inajulikana kwa hilo. Tangazo likisema vila iko kilimani na inaona pande zote, jua kwamba na upepo nao unaiona kutoka pande zote. Tafuta kwenye picha kuta za vioo zilizosimamishwa kuzunguka bwawa, na miti iliyoinamia upande mmoja. Vile vioo havikuwekwa kwa urembo. Swali la kumwuliza mwenye nyumba ni hili: upepo ukivuma, mnakula wapi? Mwenye nyumba nzuri atakutajia baraza ya pili, iliyo upande wa kusini.

Umbali nao una hila zake. “Mita 300 kutoka ufukweni” mara nyingi hupimwa kwa mstari ulionyooka, na Krete mistari iliyonyooka ni michache. Mita 300 hizo zinaweza kuwa ngazi 150 za kushuka asubuhi na kupanda saa nane mchana juani, au kilomita moja na nusu ya barabara inayozunguka kilima. Fungua picha ya setilaiti, fuata njia ya mguu hatua kwa hatua, na uangalie kama inakatiza BOAK. “Mwonekano wa bahari” maana yake ni kwamba bahari inaonekana, basi. Inaweza kuwa umbali wa kilomita nane. Angalia pia viwanja vya jirani. Udongo mwekundu uliochimbwa au nguzo za zege zisizo na paa ni dalili ya ujenzi.

Sasa inua macho juu ya paa. Karibu kila nyumba ya Krete ina paneli ya jua na pipa la chuma lililolala juu yake. Ndilo linalopasha maji ya kuoga. Kitu hicho kinakupa habari mbili. Ya kwanza ni mwelekeo. Paneli hizo huelekezwa kusini, kwa hiyo ikitokea kwenye picha, tayari unajua kusini ni wapi na unaweza kukisia kila baraza inatazama wapi, hata kama tangazo halitoi anwani. Baraza ya magharibi ni tamu wakati wa machweo na ni tanuri saa kumi alasiri mwezi Julai. Inataka kivuli cha kudumu, kwa sababu mwavuli hufungwa siku za upepo. Bwawa lililo kaskazini ya nyumba ya ghorofa mbili hukosa jua kwa muda mrefu mwezi Aprili na Oktoba, jua linapokuwa chini.

Ya pili ni maji yenyewe. Pipa la kawaida lina lita 160 hadi 200. Hesabu lita 30 hivi za maji ya moto kwa mtu anayeoga bila haraka, zilizobaki ni za baridi za kuchanganya. Watu wanane wakirudi baharini pamoja jioni, wa saba na wa nane watapiga kelele, na jua limeshazama kwa hiyo pipa halitajaa tena moto hadi kesho. Ndani ya pipa kuna hita ya umeme kwa ajili hiyo. Swichi yake iko kwenye boksi la umeme, kwa kawaida imeandikwa ΘΕΡΜΟΣΙΦΩΝΑΣ. Iwashe, subiri dakika 30 hadi 60, halafu izime.

Kuizima si ubahili. Nyumba nyingi ndogo za Ugiriki zimeungwa umeme wa fezi moja wenye uwezo wa kilovoltiampea 8, chukulia ni kama kilowati 8. Hita ya maji peke yake inakula kilowati 4 hivi. Ongeza oveni, birika la umeme na viyoyozi viwili, breka inaruka, na familia nzima inabaki gizani ikitafuta boksi lilipo. Ukifika, kabla hata ya kufungua masanduku, mwombe mwenye nyumba akuonyeshe boksi hilo na koki kuu ya maji. Plagi za Krete ni za pini mbili za mviringo, volti 230. Anayetoka Kenya au Tanzania na plagi ya pini tatu aje na adapta mbili na soketi moja ya kuongezea, inatosha nyumba nzima.

Chooni, karatasi haitupwi ndani ya bakuli. Inawekwa kwenye kindoo chenye kifuniko kilicho pembeni. Mabomba ya maji taka ni membamba, na vijijini nyumba nyingi zinategemea shimo lao wenyewe, hivyo kuziba ni jambo la kawaida na fundi wa Jumapili ana bei yake. Kwa aliyezoea kujisafisha kwa maji, ajue kwamba bomba la mkono pembeni ya choo ni nadra. Kuna bafu zenye bideti, hasa nyumba za zamani kidogo. Vinginevyo nunua birika la plastiki la kumwagilia maua dukani na maisha yaendelee.

“Inalaza sita” mara nyingi humaanisha vyumba viwili na kochi la kulalia sebuleni, ambako ndiko wengine wanakopita usiku kwenda jikoni. Hesabu vitanda kwenye picha, usihesabu watu kwenye tangazo. Kitanda cha watu wawili kinaweza kuwa viwili vya mtu mmoja vilivyosogezwa pamoja. Uliza viyoyozi vipo vyumba gani kwa majina, maana jibu la “ndiyo, kuna AC” linaweza kuhusu sebule tu. Uliza pia nyavu za mbu madirishani. Kulala dirisha wazi bila wavu karibu na bwawa mwezi Septemba hakupendezi. Fleti ndogo za chumba kimoja huwa na jiko la sahani mbili za umeme na hazina oveni. Anayepanga kupika pilau la watu sita kwenye sahani ile ajiandae kisaikolojia. Kwa Waislamu jiko zuri lina uzito zaidi, kwa kuwa nyama halali si rahisi kupatikana nje ya miji mikubwa. Samaki, dengu, mboga na mafuta ya zeituni vimejaa.

Bwawa. Maji ya bahari huwa nyuzi 19 au 20 mwezi Mei, na hufika 25 au 26 Agosti na Septemba. Aliyekulia Bahari ya Hindi atayaona ya Mei ni baridi, na bwawa lisilopashwa moto mwezi Aprili linaweza kuwa baya zaidi. Kupasha bwawa hutozwa kwa siku, na lazima uombe mapema kwa sababu maji mengi kiasi hicho huchukua siku moja au mbili kupata joto. Tangazo likisema bwawa “linaweza kupashwa”, bei haijaingia humo. Mabwawa mengi hayana uzio. Kama kuna mtoto mdogo, uliza kina kinaanzia ngapi, na kama mlango wa sebule unaotokea bwawani una kitasa kilicho juu ya mkono wake. Uliza vilevile kama bwawa ni lenu peke yenu. Vila nne zinaweza kushiriki moja na kila tangazo likapiga picha kona yake.

Mji wa kale wa Chania unastahili neno lake. Nyumba za enzi ya Wavenisi kuzunguka bandari ni nzuri kupita maelezo na ni ngumu kukaa. Magari hayaingii, unaegesha nje ya kuta na kuburuta sanduku kwenye mawe. Chumba cha kulala kipo kwenye dari ya mbao, kwa ngazi iliyosimama wima ambayo mama wa miaka sabini hataipanda mara ya pili. Ghorofa ya chini huwa na unyevu na giza. Baa za bandarini hupiga muziki usiku. Tafuta kichochoro cha nyuma, ghorofa ya kwanza au ya pili, na dirisha la vioo viwili vya kuzuia kelele, au uhamie mtaa wa Halepa, mashariki ya mji wa kale.

Kwenye pesa, jambo linalowashangaza wageni wakifika ni tozo ya serikali ya kukabili mabadiliko ya tabianchi. Inatozwa kwa usiku na kwa nyumba, bila kujali idadi ya watu, na kwa kawaida haimo kwenye bei uliyoiona. Tangu Januari 2025, fleti ya kukodi kwa muda mfupi inalipiwa euro 8 kwa usiku kati ya Aprili na Oktoba, na euro 2 miezi iliyobaki. Nyumba inayojitegemea yenye zaidi ya mita za mraba 80, na vila za kitalii, ni euro 15 na euro 4. Wiki moja ya Agosti basi ni euro 56 kwa fleti na 105 kwa vila. Hapo ndipo ukubwa wa mita za mraba unapopata maana: nyumba ya mita 78 na ya mita 85 zikilingana kwa bei, si sawa.

Uhalali nao unathibitishwa kwa namba. Nyumba ya muda mfupi lazima iwe na AMA, namba ya usajili wa mamlaka ya kodi, na vila yenye leseni ya utalii ina namba yake ya EOT, shirika la utalii la Ugiriki. Namba hiyo inatakiwa ionekane kwenye kila tangazo. Tangu Oktoba 2025 sheria pia inadai nyumba za muda mfupi ziwe na mwanga na hewa ya asili, kiyoyozi, kizima moto, kitambua moshi, bima ya dhima na cheti cha fundi umeme. Mwenye nyumba asiyekuwa na namba, anayetaka pesa zote kwa benki kabla ya kuonana, na ambaye bei yake ni nusu ya jirani, achana naye. Kabla ya kulipa popote, chukua picha moja ya tangazo na uitafute kwenye intaneti. Vila za wizi hupatikana kwa sura ileile ila jina jingine na kisiwa kingine.

Kwa msomaji anayehitaji viza ya Schengen, mpangilio wa malipo unabadilika. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya matibabu isipungue euro 30,000, na ubalozi utataka kuona mahali pa kulala kwa kila usiku. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini unaweza kufika 45. Weka nafasi kwenye nyumba inayokuruhusu kughairi bure, na uangalie kwamba siku ya mwisho ya kughairi inakuja baada ya siku unayotegemea jibu. Vila nyingi za wiki nzima hurudisha pesa hadi siku 30 au 60 kabla, kwa hiyo atakayeomba viza wiki tano kabla ya safari anacheza kamari. Anayetaka kukodi gari atahitaji pia kibali cha kimataifa cha udereva pamoja na leseni yake ya Kenya au Tanzania, na akumbuke Ugiriki huendeshwa upande wa kulia.

Gari lenyewe linarudi kwenye uchaguzi wa nyumba. Bima nyingi za magari ya kukodi hazigusi tairi wala chini ya gari kwenye njia ya vumbi, basi vila iliyo mwisho wa kilomita mbili za mawe inakuja na gharama isiyoandikwa. Njia moja pekee ya kuingia na kutoka ni suala la usalama pia: Julai 2025 moto wa nyika karibu na Ierapetra ulisababisha maelfu ya wenyeji na wageni kuhamishwa. Penda nyumba yenye barabara mbili, na uache simu ipokee tahadhari za 112, namba ya dharura.

Kama ndege inatua baada ya saa tatu usiku, usiende vilani usiku huo. Barabara za vijijini hazina taa, ramani ya simu hupenda kukupitisha kwenye vichochoro vinavyoishia kwenye ngazi, ufunguo umo ndani ya kisanduku cha namba nyuma ya mzeituni fulani, na duka la kijiji limefungwa. Lala Heraklion au Chania, fleti yoyote safi yenye maegesho, nunua maji, mkate na mayai asubuhi, kisha ufike vilani saa tisa alasiri, muda ambao nyumba nyingi huanza kupokea wageni, mwenye nyumba akiwapo wa kukuonyesha boksi la umeme.